Tunaombeana kwa simu usiku, na sasa moyo wangu umehama

Shikamoo Mama, na Bwana Yesu asifiwe.

Nimekuwa msomaji wako wa kimya kimya, sikudhani siku moja nami nitakuwa na la kuandika.

Mimi ni mke wa mtu na mama wa watoto wawili. Niliokoka nikiwa sekondari, na kanisani kwetu naongoza timu ya kusifu na kuabudu. Mume wangu ni mtu mwema. Hanywi, hanipigi, na mahitaji ya nyumbani anayatimiza. Kazi yake ni ya zamu, kwa hiyo usiku mwingi hayupo, na akiwepo amechoka. Hatuna ugomvi. Tumekuwa tu watu wa kupishana mlangoni.

Mwanzoni mwa mwaka kanisa lilitangaza mfungo, tukapangwa wawili wawili ili tuombeane kila siku. Mimi nilipangwa na kaka mmoja wa timu yetu, naye ana mke na watoto. Tukawa tunapigiana simu saa nne usiku, tunasoma mistari, tunaomba, tunaagana. Mama, sijawahi kuomba vile tangu niokoke. Nilikuwa nakata simu huku natetemeka kwa uwepo wa Mungu. Mfungo ulipoisha, sisi tuliendelea. Tuliona itakuwa dhambi kuzima moto aliouwasha Mungu mwenyewe.

Sijui ni lini hasa mambo yaligeuka. Alianza kuniuliza nimeshindaje. Nami nikaanza kumweleza mambo ya nyumbani ambayo hata dada yangu hayajui. Baadaye zikaja jumbe za asubuhi, halafu za mchana. Nikajikuta nazifuta kabla mume wangu hajarudi, ingawa ukizisoma ni mistari ya Biblia na "nakuombea" tu. Hatujafanya kitu, Mama. Hajanigusa zaidi ya kunipa mkono baada ya ibada. Lakini siku akichelewa kupiga, usingizi haunijii. Na nikiwa mbele naimbisha, macho yangu yanamtafuta yeye kwenye viti.

Wiki iliyopita aliniambia amekuwa akimuuliza Mungu kwa nini tulichelewa kukutana. Akasema Roho amemwonyesha kwamba nafsi zetu zimeunganishwa kwa kusudi la huduma, na kwamba twende mlimani siku tatu, mimi na yeye tu, tumsikie Mungu atasema nini. Sikumkatalia. Nilimjibu nitaangalia nafasi. Bado hatujafanya kitu, ila nilipokata simu niligundua kuwa nilikuwa nimeshaanza kuwaza nguo za kubeba.

Nimefunga ili Mungu aniondolee hisia hizi, lakini nikifunga zinazidi. Nilikwenda kwa mtumishi mmoja anayefanya maombi ya kufunguliwa. Akasema nina roho ya uzinzi inayofuatilia ukoo wa mama yangu, akaniombea, nikaanguka. Nilitoka pale mwepesi kabisa. Siku chache nilikuwa mtu mpya, kisha simu ikaita na yote yakarudi. Sasa mtumishi anasema roho hiyo ina mizizi, inahitaji maombi mengine, na safari hii kuna sadaka ambayo siwezi kuipata bila kuchukua fedha ya nyumbani kwa siri.

Mama, hili ni pepo kweli? Nimeshatenda dhambi, au bado ni jaribu tu kwa kuwa hatujafanya kitu? Nimwambie mume wangu, au nitakuwa nabomoa nyumba kwa jambo ambalo halijatokea? Niache huduma? Na ninaloliogopa kuliko yote, naona hata aibu kuliandika: nikiacha kuomba na huyu kaka, nahisi sitaweza kuomba tena kabisa.

Ni mimi, Dada wa Saa Nne

Jibu

Marahaba mwanangu, na Bwana asifiwe sana.

Umeniandikia mara tatu kwamba hamjafanya kitu. Nakuamini kwamba hamjalala pamoja. Lakini umefuta jumbe. Umemfungulia mwanamume mwingine mambo ya ndani ya ndoa yako. Umeahidiwa mlima ukajibu utaangalia nafasi, na akilini umeshafungasha. Hivyo ni vitu, mwanangu. Sikuambii haya kukuhukumu, maana usingejishtukia usingeniandikia. Nakuambia kwa sababu ukiendelea kuhesabu kwamba hakuna kilichotokea, hutaona haraka ya kutoka.

Unauliza ni dhambi au ni jaribu. Kujaribiwa si dhambi. Bwana wetu "alijaribiwa sawasawa na sisi katika mambo yote, bila kufanya dhambi". Jioni ile ya kwanza ulipogundua kwamba unaisubiri sauti yake kuliko unavyoyasubiri maombi, hapo hukuwa umekosa. Ulikuwa umepewa taarifa. Ulichofanya na taarifa hiyo ndicho cha kuzungumzia. Yakobo anasema mtu hujaribiwa na tamaa yake mwenyewe akivutwa na kudanganywa, "halafu ile tamaa ikiisha kuchukua mimba huzaa dhambi". Wewe ni mama, picha hiyo unaielewa kuliko wengi: kitu kinakua gizani muda mrefu kabla watu wa nje hawajaona lolote. Kwa hiyo hisia zenyewe usizitubu kana kwamba ulizitengeneza. Tubu kuzilisha, na tubu kumficha mumeo. Hayo hayahitaji kusubiri kosa kubwa zaidi ndipo yaitwe kwa jina lake.

Wala usishangae kwamba mtego uko kwenye maombi. Mlevi hujaribiwa kwa chupa. Mtu wa maombi atajaribiwa kwa kitu gani kama si mahali anapopapenda? Shetani alimpandisha Yesu juu ya kinara cha hekalu, akamnukulia Zaburi ya 91. Alikuja na Maandiko. Yesu naye hakubishana na ile zaburi. Alirudi kwenye Kumbukumbu la Torati, kwenye amri iliyo wazi, akaishia hapo. Na Luka anaongeza jambo ambalo huwa tunalipita haraka: Ibilisi alimwacha "kwa muda". Hata yeye alirudiwa.

Kuna mstari mwingine ambao ningetamani viongozi wetu wausome kabla ya kutangaza mifungo. Katika 1 Wakorintho 7, Paulo anawaruhusu mume na mke watengane ili wasali, lakini kwa masharti: wawe wamepatana, iwe kwa muda, kisha warudiane, "Shetani asije akawajaribu". Paulo alijua kwamba hata sala ikikosa mpaka inaweza kumfungulia adui. Kama aliwawekea mpaka watu waliooana, sembuse mke wa huyu na mume wa yule, usiku, kila mmoja akiwa peke yake, wakilia na kufunguliana mioyo? Kumpanga mke wa mtu na mume wa mtu waombe wawili kila siku ni uzembe wa kichungaji. Nalisema hilo wazi, na anayetaka kununa anune. Kuombeana kunawaleta watu karibu sana, ndiyo maana kila siku nawasihi wanandoa waombe pamoja. Ukaribu huo ulijengwa sawasawa kabisa, ila umejengwa na mtu asiye wako.

Kuhusu Roho kumwonyesha kwamba nafsi zenu zimeunganishwa: Yohana anatuambia tusiiamini kila roho, bali tuzijaribu. Hili halihitaji siku tatu za kulijaribu. Roho aliyesema "Usizini" hawezi kugeuka akampangia mume wa mtu nafsi ya mke wa mtu, hata akaita ni huduma. Na kama Mungu ana neno na huyo kaka mlimani, anaye mke wa kupanda naye. Sisemi kwamba ni mbwa mwitu. Inawezekana naye amevutwa kama wewe, na anayasema hayo kwa kuamini. Kwako jibu halibadiliki.

Sasa nije kwenye lililokuchosha zaidi: unafunga na hisia zinazidi. Mwanangu, mchana kutwa unamwomba Mungu aziondoe, saa nne unapokea simu inayozizaa. Paulo anawaambia Warumi "wala msiuangalie mwili, hata kuwasha tamaa zake". Wewe umeupangia mwili saa maalumu.

Hapa ndipo waamini wengi wenye bidii wanaponaswa, kwa hiyo nivumilie nikae kidogo. Maandiko yana amri mbili kuhusu hatari za kiroho, nasi tunazichanganya. Shetani tunaambiwa tumpinge: Yakobo anasema "Mpingeni Shetani, naye atawakimbia", na Petro anasema vivyo hivyo. Akikushitaki, akikutisha, akikuambia huna thamani mbele za Mungu, simama umpinge. Lakini zinaa Paulo hasemi tuipinge. Anasema "Ikimbieni". Timotheo, mtumishi kabisa wa Mungu, anaambiwa azikimbie tamaa za ujanani, na azifuate haki na imani pamoja na wengine wamwitao Bwana. Yaani akimbie akiwa na wenzake. Wewe umesimama mahali pa kukimbia, na kusimama huko umekuita imani. Unaomba uwezo wa kuongea naye kila usiku bila kuhisi kitu. Mungu hajaahidi uwezo huo popote. Alichoahidi ni kwamba "pamoja na lile jaribu atafanya na mlango wa kutokea". Mlango umeshaona uko wapi. Umekaa karibu nao unaomba hewa.

Yusufu, mke wa Potifa alipomsumbua siku baada ya siku, Biblia inasema hakukubali kulala naye, "wala akae naye". Alikataa hata kukaa. Siku aliposhikwa aliacha vazi mikononi mwa yule mama akatoka nje, na vazi hilo hilo likawa ushahidi wa kumtia gerezani. Nakukumbusha mwisho huo kwa sababu huwa hatuuhubiri sana. Kukimbia kuna gharama, na pengine siku hiyo hakuna atakayekupongeza.

Nina mtu mwingine wa kukupa, ambaye mimbari zetu nyingi hazimjui. Katika karne ya 4 kulikuwa na shemasi huko Konstantinopoli aitwaye Evagrius, mzaliwa wa Ponto. Alikuwa hodari wa kutetea imani, na mji mzima ulimsifu. Akampenda mke wa mtu mkubwa, na yule mama akampenda. Palladius, mwanafunzi wake, ndiye aliyetuhifadhia habari hii. Evagrius aliomba sana Mungu amzuie. Kisha usiku mmoja akaota amekamatwa na kufungwa minyororo, na mmoja aliyemjia kwa sura ya rafiki akamwapisha juu ya Injili kwamba atauhama mji ule. Alipoamka alijiambia kwamba hata kama kiapo kilikuwa cha ndotoni, ameshaapa. Akapakia vitu vyake melini.

Alifika Yerusalemu, na huko akapokewa na mama mmoja mcha Mungu, Melania. Sasa sikiliza sehemu hii. Alikuwa ameshahama, bahari iko katikati, lakini moyo ulianza tena kuyumba. Akashikwa na homa iliyomdhoofisha miezi 6, na matabibu hawakuona dawa. Melania ndiye aliyehisi kwamba kuna kitu kimefichwa. Akamwambia amweleze. Alipomfungulia yote, mama yule akamwombea, na baada ya siku chache akapona, akaenda Misri kuishi na watawa wa jangwani hadi alipofariki mwaka 399. Ni Evagrius huyu aliyekuja kufundisha kwamba mawazo yatujie au yasitujie, hilo halimo mikononi mwetu. Yakae au yasikae, hilo limo. Hakulisema akiwa amekaa raha mstarehe.

Kwa hiyo unahitaji vyote viwili: meli na Melania. Kuondoka bila kumwambia mtu kutakuacha na homa. Kumwambia mtu bila kuondoka kutakuwa ni kupiga hadithi tu.

Nije kwenye pepo. Siwezi kukaa huku mbali nikakupima kama unalo au huna. Mapepo yapo, Injili hazituachi na shaka. Lakini katika yote uliyoyaandika sioni jambo lisiloelezeka kwa mke mpweke, sauti ya upole, na saa ile ile kila usiku. Yakobo amesema tamaa "yake mwenyewe", hakusema ya ukoo. Na Ezekieli 18 anasema kwamba mwana hatauchukua uovu wa baba yake, kwa hiyo mwache mama yako apumzike, hana kesi hapa. Halafu tuseme kweli lilikuwapo likatoka. Yesu katika Mathayo 12 anaeleza pepo aliyetoka, akarudi akaikuta nyumba tupu, imefagiwa na kupambwa, akaingia na wengine saba walio waovu kuliko yeye. Wewe ulifagiwa, ukarudi nyumbani, simu ikaita, ukapokea.

Ubaya mwingine wa kuambiwa ni pepo tu ni huu: kazi yote inabaki kwa mtumishi, na wewe unabaki na kazi ya kulipa. Petro alipoletewa fedha na Simoni mchawi kwa ajili ya karama ya Mungu alimwambia, "Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe". Yesu aliwatuma wanafunzi watoe pepo akawaambia wamepata bure, watoe bure. Usitoe sadaka hiyo, wala usirudi pale. Fedha ya nyumbani ikitoka kwa siri, utakuwa na siri ya pili kwa mumeo juu ya ile ya kwanza.

Cha kufanya ni leo, si baada ya mfungo mwingine. Mwandikie ujumbe mfupi: "Ndugu, sitaendelea kuomba nawe kwa simu wala kuandikiana nawe. Mlimani siendi. Tafadhali usinipigie." Usiongeze kwamba umemthamini, au kwamba ingekuwa maisha mengine. Usieleze sababu, sababu anazijua, na kila sababu utakayompa itakuwa mada ya simu nyingine. Msikutane ili muagane vizuri. Nimepokea barua nyingi za watu walioanguka kwenye kikao cha kuagana. Ukishatuma, zuia namba yake.

Siku hiyo hiyo, kabla ujasiri haujapoa, mwambie mwanamke mmoja aliyekomaa, mwenye kinywa cha kutunza siri. Awe mke wa mchungaji, au mzee wa kanisa, au mama yeyote ambaye hajawahi kukuletea habari za wenzako. Mwambie yote, hadi zile nguo ulizokuwa unawaza kubeba. Yakobo anaposema "ungameni dhambi zenu ninyi kwa ninyi, na kuombeana, mpate kuponywa", hazungumzii kipaza sauti. Mficha maradhi kifo humuumbua. Muombe pia akubali kuwa mtu wa kumpigia saa nne ikifika, wiki hizi za mwanzo, maana hiyo saa itafika. Simu ilale nje ya chumba chako. Na ukiweza kulala mapema, lala. Hakuna amri inayokataza.

Sasa hofu yako kubwa. Asante kwa kuiandika, kwa kuwa ndiyo inayokushikilia kuliko huyo kaka mwenyewe. Sitakudanganya: maombi yako yatakauka. Utapiga magoti na hakuna kutetemeka. Siamini kwamba Mungu hakuwepo usiku ule wa mwanzo, Mungu wetu si mwenye kisirani. Lakini ulizoea kuingia kwake kwa kupitia sauti ya mtu, na sauti ikiondoka utahisi kama mlango umefungwa. Haujafungwa. Omba kwa maneno ya kuazima mpaka yako yarudi: soma zaburi kwa sauti, sema Baba Yetu polepole. Yesu aliweka "usitutie majaribuni, lakini utuokoe na yule mwovu" katika sala ile ile ya kuomba riziki ya siku. Maana yake hakutarajia tukue hadi tuiache hatari hii nyuma. Ukiomba dakika chache kavu, umeomba.

Na utamlilia. Utamkumbuka wakati unakunja nguo, wakati wa wimbo fulani. Usiitafsiri huzuni hiyo kuwa ni Mungu anakurudisha. Moyo ulioshikamana hulia ukitenganishwa, basi. Yule mwovu naye atageuza hotuba. Jana alikuambia hakuna ubaya, kesho atakuambia umeshaharibika huna tena haki ya kuomba. Huyo wa kesho ndiye wa kumpinga. Yesu alimwambia Simoni Petro kwamba Shetani amewataka awapepete kama ngano, "lakini nimekuombea wewe ili imani yako isitindike", na alisema hayo kabla Petro hajakana hata mara moja.

Mumeo umwambie. Najua wapo washauri watakaokuambia usimwamshe aliyelala, na ninaelewa kwa nini. Mimi naona vingine, kwa sababu jambo hili limeishi kwa siri tangu ujumbe wa kwanza kufutwa, na siri ikibaki, huyo kaka siku akikasirika ana kitu cha kukutishia. Lakini mwambie baada ya kukata, siyo kabla. Baada ya kuongea na yule mama. Na siku ambayo mumeo amepumzika. Mwambie kwamba uliacha moyo wako uende kwa mtu mnayesali naye, kwamba hamkulala pamoja, kwamba umekata, na nani anajua. Mistari na maneno ya jumbe usimsomee, yatamkaa bila faida. Akiuliza, jibu ukweli. Na usianze na "wewe hukuwepo". Upweke wako ni wa kweli na ana haki ya kuujua, ila ukiutanguliza atausikia kama kisingizio. Uweke siku nyingine, uuombe kama hitaji: kwamba unamtaka yeye, kwamba hata kama ni dakika kumi kabla ya zamu, mkae na muombe wawili. Anaweza kuumia, akanyamaza siku kadhaa. Mpe nafasi aumie.

Nimekushauri hivyo kwa sababu umeniambia ni mtu mwema. Dada mwingine anayesoma hapa na ambaye mumewe humpiga, asichukue ushauri huu. Aanze kwa kiongozi anayemwamini na mahali salama.

Huduma uiweke chini kwa muda. Huwezi kuimbisha ukimtafuta mtu kwenye viti, wala kufanya mazoezi na timu ambayo naye yumo. Waambie wenzako unapumzika ili kushughulikia mambo ya nyumbani, na huo si uongo. Lakini nina neno na kanisa hapa: mara nyingi mwanamke ndiye anayeambiwa ajiondoe, na mwanamume anabaki na kipaza sauti chake, na mwaka ujao anapangiwa dada mwingine wa kuombeana naye. Yule mama amweleze mchungaji, na huyo kaka naye aitwe aulizwe kwa upole kuhusu roho zake zinazomwonyesha nafsi za watu. Ana mke pale nyumbani ambaye hajaniandikia barua, na sijui saa nne za usiku amekuwa akiambiwa nini. Wewe kwa sasa kaa ibadani na mumeo siku akiwa na nafasi, na siku hayupo kaa na yule mama.